Simu Iliyoachwa Mpaka Mvua Inyeshe

Nilifunga kibanda changu mwezi uliopita. Macho ndiyo yaliyoniachisha kazi. Skrubu za simu za siku hizi ni ndogo kuliko punje ya simsim, na siku niliyotafuta skrubu moja nusu saa nzima, nimepiga magoti sakafuni, kumbe imenata kwenye kidole changu mwenyewe, nilijua imetosha.

Nyinyi mliobaki kwenye mstari wetu wa vibanda hapa Isiolo mmeniomba niandike jinsi simu zilivyobadilika, kwa sababu, mlisema, mimi ndiye fundi wa kwanza kuzifungua mjini hapa. Si kweli. Lakini walionitangulia wamekufa au wameingia siasa, kwa hiyo hakuna wa kunipinga. Nitawaandikia. Yapo mabadiliko mengi ya kuchekesha na nitayataja. Lipo moja ambalo mimi, niliyeshinda na simu mkononi kila siku, sikuliona lilipopita mbele yangu, na aliyeumia kwa upofu huo ni mtu mwingine. Hilo lisomeni polepole.

Babu yangu alikuwa askari Msomali wa jeshi la Mwingereza, na vita vilipokwisha akapewa mahali pa kukaa hapa. Watoto wake wakawa watu wa malori. Baba alitaka na mimi niwe dereva, lakini mimi nilipenda zaidi redio iliyokuwa ndani ya lori. Safari moja ya kwenda Moyale niliifungua ile redio nikashindwa kuifunga, tukasafiri kimya siku mbili, baba akinitazama kwa jicho la pembeni. Tuliporudi alinipeleka kwa Mutwiri, fundi wa redio, ili, kwa maneno yake, nijifunze kufunga.

Mutwiri alikuwa Mmeru, mrefu, mtu wa kanisa, na mwenye kibanda cha mabati kilichokuwa na joto la kuweza kuivisha mkate. Siku yangu ya kwanza hakunipa kifaa chochote. Alinipa sahani ya bati, akaniambia kazi yangu ni kupanga skrubu kwa mzunguko jinsi zilivyotoka, ya kwanza juu, nyingine kuume kwake, mpaka zizunguke sahani.

"Wewe Jama, kufungua kila mtu anaweza," alisema. "Mimi nakufundisha kufunga."

Nilipanga skrubu miezi minne. Baadaye akanipa mswaki wa meno na spiriti ya kusafishia kutu, kisha pasi ya kulehemu, ambayo tuliipasha kwenye makaa siku ambazo stima ilikuwa imekwenda zake. Kila redio iliyoingia ilibandikwa plasta ya hospitali, na juu ya plasta tuliandika kwa kalamu vitu vitatu: jina, mahali, ugonjwa. Abdi, Kinna, haishiki stesheni. Mama Kendi, Burat, inanguruma. Hiyo plasta niliitumia mpaka mwezi uliopita, na mnajua mlivyonicheka.

Simu ya mkononi ya kwanza kuingia kibandani ilikuwa ya ofisa mmoja wa kilimo. Mnara wa simu ulikuwa umesimamishwa juzi tu, na yeye alikuwa ameiangusha simu kwenye birika la kunyweshea ng'ombe akijaribu kumpigia mkubwa wake. Ilikuwa kubwa, nzito, na ina antena ya kuvuta kwa meno. Mutwiri aliigeuza, akainusa, akaniwekea mbele.

"Hii ni redio ambayo inajibu," alisema. "Fungua wewe. Mimi niko mzee ya kujibiwa."

Niliifungua, nikaipiga mswaki wa spiriti, nikaianika juani juu ya kipande cha bati, nikaifunga. Ikawaka. Ofisa alimpigia mkewe Meru pale pale, akapaza sauti hivi kwamba mstari mzima wa vibanda ulijua chakula kilichopikwa nyumbani kwake. Nilidhani anataka kumfikia mkewe bila msaada wa simu. Mutwiri alicheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo simu zote zikawa zangu, redio zikabaki zake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya raha, nakiri. Zilikuja zile simu ndogo zenye tochi, katululu, na Mungu azirehemu zilikotupwa. Uliifungua kwa ukucha. Ilianguka kutoka juu ya ngamia, ukaokota vipande vitatu, ukaviunganisha, ikaomba radhi na kuwaka. Nusu ya magonjwa yake yaliisha kwa kutoa betri na kuirudisha. Mimi nilikuwa nageuka ukutani nikifanya hivyo, ili mteja asione, kisha nakaa nayo kidogo nikikunja uso.

Lakini ninachotaka mwelewe kuhusu miaka ile ni laini. Siku hizo laini ndiyo iliyokuwa mtu. Simu ilikuwa chombo tu, kama kikombe cha hotelini ambacho leo unanywea wewe na kesho mwingine. Kule Gotu kijiji kizima kiliweza kuwa na simu moja na wanaume kumi wenye laini zao. Mmoja alifunga yake kwenye karatasi ya nailoni ya sukari, mwingine aliiweka kwenye kopo la tumbaku, mwingine aliishona ndani ya kofia. Wakapanda kilimani penye mtandao, kila mtu akaingiza laini yake kwa zamu, akaongea, akaitoa, akampisha mwenzake. Nambari zote zilikaa kwenye laini. Simu ikifa, hukupoteza chochote. Mteja alikuwa ananiambia, "Fundi, nitolee laini yangu, hiyo ingine fanya vile unataka." Nilisikia maneno hayo mara nyingi mpaka yakawa sheria kichwani mwangu.

Droo yangu ikajaa simu ambazo wenyewe hawakurudi. Siku moja nilikwenda Nairobi kununua vipuri, nikaona ukutani kwa duka moja maandishi makubwa kwamba simu isiyochukuliwa ndani ya siku tisini ni mali ya fundi. Nilipendezwa sana. Yalionekana maandishi ya watu wenye mpango. Niliporudi nilichukua kadibodi na rangi nyekundu, nikaandika maneno yale yale, nikayatundika juu ya meza.

Mutwiri alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alipita siku za soko kunijulia hali. Aliisoma ile kadibodi, mikono mgongoni.

"Siku tisini ni ya watu ya Nairobi," alisema. "Watu ya hapa iko na ng'ombe. Wanahesabu na mvua."

"Mzee, droo imejaa."

"Nunua droo ingine."

Nilicheka. Nilidhani uzee unamsumbua. Alifariki mwaka uliofuata, na ile kadibodi ilikuwa bado iko ukutani.

Wakati huo simu zilikuwa zinabadilika haraka kuliko nilivyoweza kununua bisibisi zake. Kwanza zikaingia rangi. Kisha kamera, na wazee waliokuwa wakikataa kupigwa picha wakaanza kugombana ni nani hajapigwa. Redio ikahamia ndani ya simu, na mafundi redio wote wa mji huu wakabaki wakiuza betri. Halafu zikaja simu za kupangusa kwa kidole, zilizogundishwa kwa gamu kama kwamba kilichomo ndani ni aibu. Ukucha haukufaa tena. Nilinunua kile kipulizia cha hewa moto, nikaunguza simu tatu kabla ya kukizoea, mojawapo yangu mwenyewe.

Kwa hizo simu za kupangusa, kila kitu kilikaa kwenye bodi: picha, nyimbo, sauti, barua. Laini ilibaki na nambari ya kupigia, basi. Nilijua hivyo. Nimewafundisha wengi wenu hivyo, nikiwa nimeshika bodi kwa kibano na kuwaonyesha kile kidude cheusi cha kumbukumbu. Nilijua kwa mkono, lakini kichwani bado nilikuwa na wale wanaume kumi wa kilimani na laini zao kwenye kofia.

Sasa nifike kwa Guyo.

Guyo ni mfugaji wa Gotu, Mborana, tunalingana umri. Alikuwa mteja wangu tangu enzi za katululu. Mwaka mmoja mvua zilipokuwa nzuri aliuza dume na kununua simu ya kupangusa, moja tu kwa nyumba nzima, akampa mkewe Qabale kwa sababu ndiye aliyesoma kidogo. Mwaka uliofuata mvua hazikuja. Asubuhi moja alinijia mbio, fimbo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, Guyo. Nagaa?" nikamuuliza amani kwa Kiborana.

"Nagaa. Hii simu haiongei. Inawaka, inafanya kila kitu, lakini haiongei."

Nikauliza imeanguka lini. Hakujua. Akanieleza kwamba Qabale alikuwa Kinna kwa mama yake akingoja kujifungua. "Huko kwetu network hakuna. Sasa ameniwekea maneno ndani ya simu, akapatia ndugu yake aniletee. Nikibonyeza naona inatembea, lakini sisikii kitu."

Niliibonyeza na mimi. Kweli, alama ilikuwa inasonga kwenye kioo, kimya.

"Spika imekufa," nikamwambia. "Nitaagiza Nairobi. Wiki moja."

"Wiki moja siwezi. Ng'ombe imeshatoka. Nyasi imeisha, tunaenda fora, mbali sana."

Fora, kwa walio wageni kati yenu, ni kambi ya mifugo ya mbali, wanakohamia wachungaji ukame ukizidi, wakawaacha nyumbani wazee na watoto. Nilimtolea laini nikaiweka kwenye katululu yake ya zamani, na simu ya kupangusa nikaibandika plasta. Guyo, Gotu, spika.

"Nikirudi nachukua," alisema akiwa amekwisha kutoka. "Mvua ikinyesha nitakuja."

Sikuandika mvua kwenye plasta. Haikuwa na nafasi yake: jina, mahali, ugonjwa.

Na kuna jambo jingine linalonikera mpaka leo ninapoandika. Mbele ya uso wangu, kwenye msumari, zilikuwa zimening'inia waya za masikioni kumi na kitu, za kuuza. Ningechomeka moja kwenye ile simu, Guyo angekaa kwenye kiti changu dakika tano akasikiliza maneno ya mkewe, kisha akafuata ng'ombe wake. Ama ningeihamisha ile sauti kwenye simu nyingine. Kazi ya mtoto. Sikuwaza. Guyo aliniambia kwamba hasikii maneno ya mkewe, na mimi nilisikia neno spika tu, nikafurahi kwamba ugonjwa umejulikana.

Spika ilifika siku kumi baadaye. Niliiweka vizuri, na sijisifu. Kisha nikaijaribu kama ninavyojaribu zote: nikatafuta sauti yoyote iliyokuwa ndani ya simu, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke akiongea Kiborana. Nikaipandisha mpaka mwisho, nikaishusha, nikaweka sikio, nikaipandisha tena. Niliporidhika nikazima kabla hajamaliza, nikaandika "tayari" kwenye plasta, nikaiweka kwenye droo.

Siku zikaenda. Nilimpigia Guyo mara mbili kwenye laini yake, nikaambiwa mteja hapatikani. Hilo nilipaswa kulijua kabla sijapiga. Mtu aliye fora unampataje? Siku tisini zikapita, na nyingine thelathini juu yake. Jua lilikuwa linawaka tu. Ng'ombe walikuwa wanakufa njiani na malori ya baba yangu, ambayo sasa ni ya kaka zangu, yalikuwa yanabeba maji badala ya simiti.

Hapo ndipo alipokuja Kinoti, mfanyabiashara wa miraa. Simu yake ilikuwa ya aina ile ile ya Guyo, tena rangi ile ile, na alikuwa ameichaji kwa jenereta mbovu mpaka bodi ikaungua. Nilimwambia angoje bodi kutoka Nairobi.

"Fundi, leo leo," alisema. "Wateja wangu wote wananipigia hapo. Miraa ikikauka nitauza nini, kuni?"

Nilifungua droo kutafuta kibano, na simu ya Guyo ilikuwa juu kabisa. Niliitazama. Nikatazama kadibodi yangu ukutani, maandishi yangu mwenyewe kwa rangi niliyoinunua mwenyewe, nikajipa ruhusa.

Nilitoa bodi ya Guyo nikaihamishia kwenye simu ya Kinoti. Kisha nikafuta kila kitu kilichokuwamo, picha na sauti, kwa sababu si adabu kumkabidhi mtu mambo ya ndani ya mtu mwingine. Ndiyo, siku hiyo nilijiona fundi mwaminifu kwa kufuta. Ile bodi iliyoungua ya Kinoti nikaiweka ndani ya simu ya Guyo ili skrubu zisipotee, nikaifunga vizuri, kila skrubu mahali pake. Kufunga nilifundishwa.

Mvua ikanyesha. Baada ya mvua ya pili, asubuhi, Guyo akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda hata kola ya shati ilikuwa inazunguka shingo yake bila kuigusa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno tayari: umechelewa, Guyo, duka lina sheria, nitakutafutia nyingine.

"Fundi, simu iko?"

Kabla sijafungua mdomo akaendelea.

"Qabale alikufa. Alizaa, mtoto akabaki, yeye akaenda. Nilikuwa fora. Habari ilinifikia siku kumi na mbili baadaye, ameshazikwa." Alikaa kwenye benchi la wateja. "Sasa nataka kusikia yale maneno."

Kadibodi ilikuwa juu ya kichwa chake. Guyo hajui kusoma. Ningemwambia nini? Kwamba maneno ya mkewe yalizidisha siku thelathini?

"Guyo," nikasema, "simu yako iliungua. Stima ilikuja na nguvu, bodi ikaungua."

"Yote?"

"Yote."

"Hata maneno?"

"Hata maneno."

Alinitazama usoni. "Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Nimesema uongo mwingi katika kazi hii, kama kila fundi. Njoo kesho, spea iko njiani, nimeigusa kidogo tu. Lakini sikuwa nimewahi kumtaja Mungu kwa uongo, na nilimtaja mbele ya mtu aliyefiwa, kwa ajili ya kulinda kadibodi. Nilitaka kumpa simu nyingine, akakataa. Aliomba ile yake tu, nikampa, na bodi ya Kinoti ndani yake.

"Wewe hukukosa," aliniambia akiifunga ndani ya kikoi. "Ni kazi ya Mungu."

Baada ya miezi kadhaa alirudi. Alikuwa ameipeleka simu Meru, kisha Nairobi kwa basi, akitafuta fundi wa kuyatoa maneno. Wote waliifungua wakaona bodi iliyoungua. "Walisema vile vile ulisema," alinieleza, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni mtu ya ukweli."

Na alieneza habari hiyo. Kwa miaka iliyofuata walikuja watu wa Gotu, wa Ngare Mara, hata wa kutoka mbali zaidi, wakiniambia wametumwa na Guyo kwa fundi asiyedanganya. Nyinyi majirani zangu mliona foleni yangu mkadhani nina dawa ya kuvuta wateja. Kila mmoja wao alipoketi kwenye lile benchi na kutaja jina la Guyo, nilijisikia nikivuliwa nguo. Kadibodi niliishusha wiki ile ile aliyokuja, nikaichoma. Nikanunua droo nyingine, kisha ya tatu. Natamani Mutwiri angekuwa hai anicheke.

Pia nilibadilisha swali la kwanza. Badala ya kuuliza simu ina nini, nikawa nauliza ndani yake mna nini. Mtu anatulia, anafikiri, halafu anakwambia: harusi ya dada yangu, risiti za shule, sauti ya baba. Mkilijua hilo mtafanya kazi kwa namna nyingine. Nakilini kwanza, tengenezeni baadaye. Na kwenye plasta ongezeni mstari wa nne, wa lini mwenyewe anatarajia kurudi, kwa maneno yake mwenyewe, awe amesema Ijumaa au mvua au ngamia akizaa. Najua mtasema siku hizi vitu vyote vinapanda mtandaoni vyenyewe. Kwa mtu wa mjini, sawa. Anayekaa pasipo mtandao bado dunia yake yote iko kwenye kile kidude cheusi.

Basi nilipofunga kibanda nilipanda pikipiki nikaenda Gotu. Sitaki mnione mtu mwema. Nilikwenda kwa ajili yangu. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtu wa ukweli, na nilifikiri kwamba nikisema, nitarudi nyumbani mwepesi.

Guyo alikuwa nje ya nyumba yake, ameketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, akisuka kamba. Hakuoa tena. Msichana wake Darmi, yule aliyezaliwa Kinna, alikuwa karibu na mlango akisugua mitungi ya maji kwa mchanga. Sasa ni msichana wa shule, mrefu, miguu mitupu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mifugo na macho yangu. Aliniletea chai yeye mwenyewe. Nilimwambia kabla sijainywa, maana nilijua nikiinywa sitaweza.

Nilimwambia yote: kadibodi, siku tisini, Kinoti, bodi, kufuta, wallahi. Sikupunguza. Nilikuwa natazama chini, na niliona mikono yake imeacha kusuka. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilikuwa tayari kuitwa mbele ya wazee nitozwe faini ya mifugo, na ningelipa kwa furaha.

"Kwa hivyo haikuungua," alisema.

"Haikuungua."

"Spika ulitengeneza?"

"Nilitengeneza. Iliongea."

"Iliongea." Akarudia neno hilo taratibu, kisha akainua kichwa, na nilipomtazama sikuona hasira. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Sasa wewe ulisikia Qabale."

"Nilisikia."

"Darmi!" aliita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Acha hiyo mtungi. Kuja hapa, kaa. Huyu fundi alisikia mama yako. Mama yako aliongea mbele yake!"

Msichana alikuja akifuta mikono kwenye gauni, akakaa mchangani karibu nami kabisa, magoti yake yakigusa kiatu changu, macho kwenye mdomo wangu.

"Alisema nini?" akaniuliza.

Nikatafuta. Wallahi ya kweli safari hii, nilitafuta. Nakumbuka ile spika kama niliiweka jana. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda, nikaunyoosha kwa sindano. Nakumbuka haikukwaruza hata nilipoipandisha mwisho. Kiborana nakijua tangu utoto, na yale maneno yaliingia sikioni mwangu moja baada ya jingine, nimeinama, pumzi nimezuia.

"Sauti yake ilikuwa safi," nikasema. "Safi kabisa."

"Ndiyo," alisema Guyo, akitikisa kichwa kunihimiza. "Sasa maneno."

Ningeweza kutunga. Mke anamwambia mumewe nini, salamu, watoto wazima, usikae sana huko fora. Hakuna ambaye angejua duniani. Darmi alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu, akingoja.

"Sikusikiliza maneno, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa nasikiliza spika."